Watani Wawili Pembezoni mwa Ramani ya Ruvuma

Kabla hamjagusa karatasi yoyote, nionyesheni vidole. Ndivyo nilivyokuwa nikiwapokea vijana wapya kwenye chumba cha kumbukumbu, na ndivyo ninavyowapokea ninyi humu kwenye maandishi haya, ingawa safari hii siwaoni. Hapa Mtwara msimu wa korosho ukifika hakuna mwenye vidole visafi. Mkuu anatafuna, mhudumu anatafuna, msomaji kutoka chuo kikuu naye anatafuna huku anafungua kitabu kilichomzidi umri babu yake. Korosho ina mafuta, na mafuta yakishaingia kwenye karatasi hayatoki. Na ole wako uje na bibo, lile tunda la mkorosho, mkononi. Maji ya bibo yakikudondokea kwenye kitenge, ufue na sabuni gani sijui, doa unalo mpaka kitenge chenyewe kichakae. Sasa fikiria ramani.

Haya, mmeshanawa? Tuendelee.

Mimi kwetu Bukoba. Nililetwa Mtwara na barua ya ajira nikiwa binti mbichi, nikajisemea nitakaa kidogo nihamishwe. Nimestaafia hapahapa mjini, mtaa wa Chuno. Nikienda kwetu ndugu zangu wanasema Kiswahili changu kimeingiwa na Umakonde. Waache waseme. Nilianzia masjala, kwenye majalada ya kila siku, kisha nikapelekwa chumba cha nyuma, kwenye vitabu vya zamani, ramani, na makaratasi ya marehemu ambayo watoto wao walituletea kwa sababu nyumbani hakuna aliyeyataka. Wenzangu walinipa pole kana kwamba nimefiwa. Walidhani kule nyuma ni vumbi na mchwa tu. Mchwa walikuwepo, siwezi kukataa. Lakini zilikuwepo pia pembezo.

Pembezo ni ule ukingo mweupe wa karatasi, kushoto na kulia, juu na chini, ambao mchapaji aliuacha wazi, na watu wakaona si vizuri uachwe. Yale maandishi ya katikati hata yakipotea hapa, nakala nyingine ipo Dar es Salaam au ipo Ulaya. Yaliyoandikwa kwa mkono pembeni yapo hapo tu. Hayana ndugu. Hilo nilifundishwa na Bi Somoe, mwanamke wa Mikindani aliyenitangulia kwenye kile chumba, mfupi, mkali, na kanga yake daima imenyooshwa kwa pasi. Siku yangu ya kwanza alinipa kamusi iliyokuwa ya mwalimu mmoja aliyestaafu, akaniambia nitafute neno subira. Nikalitafuta. Pembeni, kwa wino mweusi wa hati safi ya kimwalimu, palikuwa pameandikwa: "Darasa la sita wameimaliza yote." Nilicheka mpaka nikakaa chini. Bi Somoe hakucheka. Alisema, sasa umeonana naye, mrudishe kwenye rafu taratibu.

Usinidhanie nasimulia hadithi za kuchekesha tu. Kazi yenyewe ina mambo yake. Ukitaka kusoma penseli iliyofifia usiinue karatasi juu kwenye taa. Ilaze karibu na dirisha asubuhi, mwanga upite kwa ubavu, kisha uiname wewe. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na kwetu methali hiyo ilikuwa maelekezo ya kazi. Mtu mwenye mkono mzito anapoandika anachimba, na hata ukifuta, mfereji unabaki, unasomeka kwa kivuli chake. Mtu mwenye mkono mwepesi ukimfuta amekwenda. Usirambe kidole kufungua ukurasa. Zamani palikuwa na penseli ya wino, ile ambayo ukiilowesha inageuka zambarau, na mate yako tu yanatosha kuharibu neno lililodumu miaka yote hiyo. Na kusafisha karatasi kwa nyama ya mkate, kama wanavyosema wataalamu, wajaribu kwao. Hapa tulisafisha ramani moja kwa mkate Ijumaa, Jumatatu tukawakuta sisimizi wamejipanga kutoka mlangoni hadi Newala.

Sheria moja ilizidi zote: hakuna anayeandika juu ya kumbukumbu. Hakuna. Walioandika zamani wameandika, mlango umefungwa. Nilimtoa nje mtu mzima mwenye tai aliyepiga mstari kwa kalamu ya wino kwenye kitabu cha watu, akaniuliza kama ninamjua yeye ni nani. Nikamwambia namjua, ni yule anayetoka. Bi Somoe alipostaafu aliniachia funguo na sheria hiyo, na sikuwahi kuitikisa. Shikeni hapo, nitarudi.

Katika chumba kile kulikuwa na ramani za mdomo wa Ruvuma, karatasi kubwa zilizogundishwa kwenye kitambaa, kuanzia Msimbati kuzunguka hadi Kilambo na Mahurunga. Waliozaliwa kando ya mto ule wanajua tabia yake. Mvua zikizidi juu huko, mto unahama. Leo unapita hapa, mwakani umepita kule, kisiwa cha mchanga kinazama, kingine kinazuka, na kivuko ulichokizoea kinakuwa lindi la viboko. Ramani iliyochapwa haiwezi kuufukuza mto wa namna hiyo. Kwa hiyo wapimaji walikuwa wakienda nayo, wanasahihisha kwa penseli pembeni, wanairudisha ofisini, na anayefuata anaondoka nayo hiyohiyo.

Wapimaji hao walikuwa wawili, wakipokezana zamu. Mmoja aliitwa Nyoni, Mngoni wa Songea. Wa pili Che Athumani, Myao wa Masasi. Wangoni na Wayao ni watani, na utani wao umetoka mbali, kwenye vita vya mababu ambavyo sasa vimebaki kuwa vicheko. Hawa wawili kazini walipishana. Mmoja akirudi kutoka mtoni mwingine ndiyo kwanza anafunga mizigo. Nafasi ya kutaniana ana kwa ana ilikuwa ndogo. Wakataniana kwenye ramani.

Nyoni aliandika kwa penseli ya wino, mkono mzito, herufi kama amezipigilia misumari. "Kivuko hiki kimekufa. Maji yanafika kifuani. Kwa Myao yanafika utosini." Chini yake, kwa penseli nyembamba na hati iliyolala ya mtu aliyeanzia madrasa, Che Athumani anajibu: "Nimevuka leo, maji magotini. Mngoni alipima akiwa amepiga magoti anaomba mamba asimle." Mahali pengine Nyoni: "Kisiwa kilichokuwa hapa hakipo. Aulizwe Che Athumani, alipita na njaa." Na jibu: "Kisiwa kimerudi. Kiliposikia Mngoni ameondoka kikatoka." Hivyo hivyo, karatasi baada ya karatasi. Lakini tazameni vizuri, wanangu. Ndani ya kila tusi kuna kipimo cha kweli. Maji magotini yalikuwa magotini, na watu wa Mahurunga wenye ndugu ng'ambo, Msumbiji, walivuka kwa vipimo hivyo.

Nilikaa na hati zile mbili muda mrefu kuliko nilivyokaa na mume wangu, Mungu amrehemu. Nilijua siku Nyoni alipokuwa na homa, kwa jinsi mstari ulivyoyumba. Nilijua Che Athumani alipopata miwani, maana herufi zilipungua ukubwa. Sura zao sikuzijua. Nasema kweli, niliwapenda.

Tunafika kwa Bwana Elisante. Huyu alikuja kuwa mkuu wetu miaka yangu ya mwisho kazini, kijana wa Upare, mpole, shati limechomekwa, mtu wa utaratibu mpaka anakera. Ulikuja mradi wa kupiga picha kumbukumbu zote ziingie kwenye kompyuta, mtu yeyote popote azione. Bwana Elisante akazipitia ramani moja moja, akaniita. Akasema maandishi ya pembeni yenye vipimo yabaki, lakini matusi ya kabila yafutwe kabla ya picha. Nikamwambia, mkuu, huu ni utani, na wewe Mpare una watani wako Wachaga, unaujua. Akajibu kwa utulivu ule ule:

"Mama Koku, utani ni wa mdomo. Unasemwa, mnacheka, unakwisha. Ukiandikwa ukamfikia asiyecheka, unakuwa tusi."

Nilikasirika. Lakini mpaka leo nasema alikuwa na hoja. Katika majalada ya zamani nilishakutana na maneno ya kikabila ambayo hayakuwa utani hata kidogo. Aliyeyaandika alikuwa na cheo, na aliyeandikwa hakuwa na kalamu. Hayo ukiyasoma mwili unasisimka. Bwana Elisante hakuwa na namna ya kumweleza mtu wa mbali, mbele ya kioo cha kompyuta, kwamba haya ni utani na yale ni dharau. Nikabishana naye siku mbili, nikashindwa. Akaanza mwenyewe na kifutio, karatasi ya kwanza, kwa uangalifu kama anamnyoa mtoto. Ila kwa kuwa ni mtu wa utaratibu, kila alichotaka kukifuta alikiandika kwanza kwenye orodha. Nani kaandika, wapi, maneno gani. Juu akaweka kichwa cha habari: Maneno Yasiyofaa. Alimaliza orodha ya karatasi zote, akawa amefuta ile moja tu, wikiendi ikaingia.

Jumamosi hiyo akafariki Mzee Nyoni.

Kumbe alikuwa anaishi mitaa michache kutoka kwangu, hapahapa Chuno. Alistaafu, akabaki, kama mimi. Kwa miaka yote hiyo huenda nilisimama naye foleni moja dukani. Sikujua mpaka Jumatatu asubuhi, alipoingia ofisini mwanamke mmoja wa makamo amejitanda kanga, akajitambulisha kuwa ni Mwanahawa, binti wa Che Athumani, ambaye siku hizi anaishi Mpapura. Baba yake yupo hai, akasema, ila sauti ilimkatika tangu alipougua koo, sasa anaandika. Akanipa karatasi iliyoandikwa nyuma ya kalenda. Sikuhitaji kusoma jina. Hati ile ile iliyolala, nyembamba, imezeeka kidogo. Nikakalia kiti cha wageni.

Ilisomeka hivi:

"Mtani wangu anazikwa kesho. Mtani asiyetania msibani amemtupa mwenzake. Sauti sina. Naweza kuandika mapya binti yangu akayasoma, lakini nikitania peke yangu huo si utani, ni ugomvi na maiti. Majibu ya Nyoni yako kwenye ramani zenu. Naomba anijibu mara ya mwisho."

Walioko mbali na mila hizi wanaweza kuuliza ni nini cha ajabu. Msibani mtani ana kazi yake. Wafiwa wamejiinamia, hakuna anayethubutu kucheka, ndipo mtani anapoingia anamtukana marehemu, anadai kitanda chake, anakataa asizikwe mpaka aombwe radhi. Wafiwa wanacheka huku wanalia, na hapo moyo unapata pa kupumulia. Msiba usio na mtani ni mzito. Na mtani aliyenyamaza anabeba aibu mpaka naye anaingia kaburini.

Nikaichukua ile karatasi mpaka mezani kwa Bwana Elisante. Kifutio kilikuwa mkononi, karatasi ya pili imetandazwa mbele yake. Nikamwekea ile barua ya kalenda juu ya ramani. Alisoma. Akasoma tena. Kisha akafungua droo akatoa orodha yake ya Maneno Yasiyofaa, iliyopigwa chapa vizuri, safu ya Nyoni huku, safu ya Che Athumani kule, imepangwa kwa zamu. Akaiangalia kama mtu aliyekuta mtoto wake amevaa viatu vyake.

Kesho yake tukaenda msibani na orodha ile.

Nyumba ya Mzee Nyoni ilijaa. Wanaume kwenye viti vya kukodi, kina mama kwenye mikeka, kwaya ya kanisa imeketi upande mmoja imechoka. Che Athumani alikuwa ameletwa kutoka Mpapura tangu asubuhi. Ndipo nilipomwona kwa mara ya kwanza, mzee mwembamba mwenye kofia ya kitambaa, miwani mikubwa, ameketi wima karibu na jeneza la mtani wake. Hakuna aliyemsemesha, maana hawezi kujibu. Mwanahawa akasimama, na utani wa wazazi unarithiwa, hivyo alikuwa na haki. Akapokea safu ya baba yake. Tukatazamana. Nani asome ya Nyoni? Mjane alikuwa amejifunika, wajukuu hawakujua kinachoendelea. Mimi nikamtazama Bwana Elisante. Bwana Elisante akavua miwani akaifuta, akaivaa, akasimama.

Alianza vibaya, kama anasoma taarifa ya mapato. Kivuko hiki kimekufa, maji yanafika kifuani, kwa Myao yanafika utosini. Watu wakatazamana kuona kama kijana wa ofisini ana akili timamu. Mwanahawa akajibu la magoti na mamba. Mzee mmoja nyuma akaguna. Kuja kwenye kisiwa na njaa, kina mama wa mkekani wakaanza kutikisika mabega. Kisiwa kilipotoka baada ya Mngoni kuondoka, mjane akafunua kanga usoni, machozi yanamtoka, anacheka, akasema kwa sauti iliyokatika, "Huyo ni yeye. Jamani, huyo ndiye mume wangu." Ikawa zamu kwa zamu mpaka mwisho wa ukurasa. Mpare yule alishapata moto, mkono mmoja kiunoni, Mngoni mtupu.

Safu ya Mwanahawa ikaisha. Ya Nyoni ilibaki na mstari mmoja usio na jibu. Mimi niliujua. Nyoni aliuandika safari yake ya mwisho kabla ya kustaafu, na baada ya hapo ofisi iliacha kutumia karatasi zile, zikaletwa kwangu. Che Athumani hakuwahi kuuona. Bwana Elisante akausoma polepole:

"Hii safari yangu ya mwisho. Kivuko kizuri ni hapa nilipoweka alama. Che Athumani, nimekuonyesha mimi, usije ukasema umekiona mwenyewe."

Mzee yule mwembamba akainua kichwa. Akamtazama Bwana Elisante, akaitazama karatasi, akaweka kiganja juu ya jeneza. Nililia pale bila haya, mimi mgeni wa Bukoba nisiye mtani wa yeyote.

Hayo ndiyo yaliyonitoa machozi, wanangu, lakini siyo yaliyonifanya niwaandikie. Baada ya mazishi Mwanahawa alimleta baba yake ofisini. Alitaka kuziona. Nikamnawisha mikono kwa maji ya birika, nikamkausha kwa taulo, nikazitandaza karibu na dirisha. Ile ya kwanza, iliyokwisha kufutwa, nikailaza kwa ubavu wa mwanga, akaona mifereji ya Nyoni imebaki yote. Majibu yake mwenyewe yalikuwa yamekwenda, mkono wake ulikuwa mwepesi mno. Bwana Elisante alimwomba radhi kwa kuinama. Mzee akampiga begani, akaandika kwenye kipande cha kalenda kwamba hasara si kubwa, Wangoni ndio wanaosahau.

Tukafika karatasi ya mwisho. Akanyoosha kidole, bila kuigusa, juu ya ile alama ya Nyoni, na chini ya maneno yale palikuwa na nafasi nyeupe, upana wa vidole viwili, imemngoja. Akanitazama. Hakuomba. Mwenye nidhamu ya ofisi za zamani haombi kitu kama kile. Nami sheria yangu mnaijua, nilimtoa mwenye tai kwa ajili yake, na Bi Somoe mkali yuko kaburini Mikindani.

Bwana Elisante, mkuu wa utaratibu, akatoa penseli mfukoni. Akaichonga. Akaiweka mezani upande wa mkono wa mzee, kisha akaenda kusimama dirishani akitazama barabara ya bandarini kana kwamba malori ya korosho hajawahi kuyaona. Mimi nikaenda kusimama karibu naye.

Tulisikia penseli ikikwaruza, kidogo tu, mkono mwepesi.

Picha ilipigwa kesho yake, karatasi zote, na hakuna kilichofutwa tena. Ipo kwenye kompyuta zenu. Siku moja mtaifungua, na atakuja mkuu mpya atakayeuliza kwa nini mstari wa chini ni mpya kuliko ramani, na kama uondolewe. Msiuguse. Mwambieni aliyeandika alikuwa na ruhusa. Mkaisogeze karibu, muiname, msome:

"Nimekiona, wewe ndiye uliyenionyesha. Umetangulia kama kawaida yenu mkisikia chakula. Nishikie kivuko."